Koti la Rangi ya Damu ya Mzee

Watu walikuwa wameshaanza kuondoka pale Butiama, siku ya kuanua matanga ya Mugeta, ndipo Boniphace akakumbuka picha. Maturubai yalikuwa yamekunjwa, masufuria ya kuazima yamerudishwa kwa wenyewe, na kwaya ilikuwa inapanda pikapu kurudi Musoma. Boniphace, kaka mkubwa wa marehemu, akapiga makofi na kusema haondoki mtu kabla ya picha ya ukoo. Waliopanda wakashuka. Mwalimu wa kwaya alinung'unika kidogo, maana alikuwa ameshapata nafasi ya mbele.

Mpiga picha alikuwa Felisian, mwenye studio pale Iringo, mjini Musoma. Alijulikana mpaka Bunda kwa kitu kimoja: picha nyeusi na nyeupe yenye rangi mahali pamoja tu. Bibi harusi anakuwa kijivu kama wenzake, ila maua yake ni mekundu. Mtoto wa ubatizo kijivu, mshumaa wa njano. Miaka sita nyuma ndiye aliyepiga harusi ya Mugeta na Jeska, na siku hiyo aliacha rangi kwenye koti la bwana harusi. Lilikuwa koti la rangi ya damu ya mzee, ambalo Mugeta alilinunua kwa jasho la kuchimba dhahabu Buhemba. Vumbi la mawe ya machimbo hayo ndilo lililokuja kumla kifua mpaka akafa.

Ukoo ukajipanga nyuma ya kaburi.

"Rangi uiache kwenye shada la maua," Boniphace akaagiza. "Sisi wengine tuko msibani, kijivu kinatufaa."

"Na mimi usinitoe meno," akasema Bhoke, mama wa marehemu. "Yamebaki matatu. Yakionekana watu watadhani nafurahia."

Watu wakacheka. Jeska, mjane, alisimama mwisho kabisa wa mstari na binti yake Dorkas mgongoni. Asubuhi ile shemeji yake Boniphace alikuwa amemwambia kwamba nyumba ya Nyasura, kule Bunda, aliyoijenga na mumewe tofali kwa tofali, inarudi kwa ukoo, kwa kuwa hana mtoto wa kiume. Jeska alijibu kwamba kiwanja kina karatasi ya mauziano yenye majina yao wawili na muhuri wa mtaa. Boniphace akasema basi ailete. Jeska alikuwa ameitafuta siku nane, kwenye sanduku ambalo kufuli lake lilikuwa limeshavunjwa.

Felisian akapiga picha mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza Bhoke alifungua mdomo.

Kesho yake aliifungua kwenye kompyuta, akaigeuza nyeusi na nyeupe, na kabla hajagusa kitu kingine rangi ikakaa yenyewe. Shada lilibaki kijivu. Koti alilovaa Boniphace lilikuwa damu ya mzee. Pikipiki ambayo mdogo wao Mseti alikuwa ameiegemea ilikuwa nyekundu. Ng'ombe wa maziwa, aliyehamishiwa zizi la Boniphace wakati marehemu bado hajazikwa, alikuwa kahawia na sikio moja jeupe. Sweta la Mugeta, ambalo Jeska alimpa Bhoke kwa mkono wake mwenyewe kwa sababu ya baridi, lilikuwa kijivu. Felisian alikuwa na jicho zuri, akaliona hilo. Kilichopewa kilikuwa kijivu. Kilichochukuliwa kilikuwa na rangi.

Halafu akaona mfuko wa koti. Ndani yake, kupitia kitambaa, ilionekana karatasi na muhuri wa zambarau. Akavuta picha karibu. Majina yalisomeka, Mugeta na Jeska, na chini yake namba ya kiwanja. Akafuta vumbi kwenye kioo cha kompyuta, akampigia Jeska simu.

"Dada Jeska, karatasi yako imeonekana."

"Iko wapi?"

"Mfukoni mwa shemeji yako."

"Nilijua tu iko mwilini mwa mtu," Jeska akasema. "Nichapie moja, kaka. Jumatano naenda barazani."

"Njoo asubuhi, utaikuta."

Alisema hivyo akiwa anamaanisha. Lakini kwenye studio yake kulikuwa na desturi, na yeye alikuwaga mtu wa desturi: aliyeagiza picha ndiye anayeiona kwanza. Kwa hiyo Jumanne Boniphace akaja, na lile koti amelivaa. Akaitazama picha muda mrefu, kama mtu anayechagua samaki.

"Umenipiga vizuri," akasema. "Ila fundi, mimi nilisema shada."

"Shada limekataa, kaka. Rangi imekaa yenyewe."

"Basi na itoke yenyewe."

"Haitoki hivyo."

Boniphace akakaa kwenye stuli ya wateja. Akatoa karatasi mfukoni mwa koti, akaihamishia mfukoni mwa suruali. Kwenye kompyuta hakikubadilika kitu. Akavua koti.

"Hili linanibana makwapani. Hebu jaribu."

Felisian akasema hapana, ana kazi.

"Jaribu tu, nani anakuona? Wewe ndiye uliyelipendaga tangu harusini. Watu wote ukawafanya majivu, koti ukaliacha."

Felisian akalivaa. Lilimkaa kama fundi cherehani alikuja kumpima nyumbani kwake. Akajitazama kwenye kioo ambacho wateja huchania nywele. Akageuka, akatazama na mgongo.

"Basi ni lako," akasema Boniphace. "Picha iwe kijivu yote." Akaenda zake na shati.

Felisian alijaribu kwenye kompyuta mara tatu, na mara zote tatu picha ilitoka kwenye mashine na rangi zake. Ndipo akachukua brashi ndogo na wino mweusi uliotiwa maji, kama alivyofundishwa na mzee mmoja wa Bunda zamani, enzi za kusafisha picha gizani. Akaanza na ng'ombe. Akaja kwenye pikipiki, akaja kwenye koti, akamaliza na mfuko. Ilimchukua mchana mzima. Ni kazi ya taratibu sana, na baadaye hakuweza kujiambia kwamba alikuwa na haraka.

Jumatano Jeska alifika kabla duka la jirani halijafunguliwa. Koti lilikuwa limefichwa nyuma ya pazia. Akaipeleka picha mlangoni penye mwanga.

"Hapa mfukoni, kaka."

"Kivuli."

"Kwenye simu ulisema karatasi."

"Niliangalia vibaya, dada."

Jeska akanyoosha kidole gumba kwenye ule mfuko.

"Usiguse," Felisian akasema. "Wino haujakauka. Itaharibika."

Jeska akashukuru kwa kuambiwa. Akaishika kwa ncha za vidole pembezoni, na hivyo hivyo akapanda nayo gari la Bunda, mtoto mgongoni, hajaigusa katikati mpaka akafika. Wazee wa baraza wakaipitisha mkono kwa mkono. Mmoja akasema ni picha nzuri, hata Bhoke ametulia. Wakasema bila karatasi hawana cha kusuluhisha.

Masika yalipofika, unyevu ukauvua ule wino na rangi zikarudi zote. Jeska akairudisha barazani. Wazee wakavaa miwani, wakasoma majina, wakasoma namba ya kiwanja, wakasema ni sahihi. Wakauliza karatasi yenyewe iko wapi. Jeska akaonyesha mfukoni. Boniphace akasema koti alishampa mpiga picha. Wakatuma mtu Musoma akaliangalie, naye akakuta mfuko mtupu.

Jeska yuko kijijini kwao ufukweni, anaanika dagaa na kuwaleta Musoma mara mbili kwa wiki. Boniphace ameipangisha nyumba ya Nyasura na ameongeza vyumba viwili. Mseti alianguka na pikipiki, akapona, akaiuza. Ng'ombe amezaa mara mbili. Bhoke alifariki mwaka jana, akazikwa na lile sweta kama alivyoagiza. Dorkas ameanza darasa la kwanza. Shule ilitaka picha ndogo, kwa hiyo Jeska alimleta Iringo, maana studio nyingine ilikuwa imefungwa. Ukutani akaona picha ya Felisian, nyeusi na nyeupe, aliyopigwa na mwenzake Prosper kwenye jubilei ya parokia. Felisian ni kijivu, mke wake Eunice kijivu, padri kijivu, na koti ni damu ya mzee.

"Kumbe lilikutosha," Jeska akasema, akamfunga mtoto kifungo cha kola.

Felisian akapiga picha, akawapa. Ile ya ukutani bado ipo. Wateja huuliza ni fundi gani aliyeacha rangi vizuri hivyo, naye huwajibu kwamba imekaa yenyewe, wakadhani anaringa. Koti analivaa Jumapili.