Meja na Kengele za Hesbon

Mikono yake inalia kutwa nzima, kijiji kizima kinasikia, lakini yeye mwenyewe akitoa chozi moja ameaibika. Ni nani huyo?

Usikimbilie jibu. Kaa nalo tu, nitakupa tukifika mahali pake. Kwanza nikueleze habari ya mbwa.

Mimi ni Nabwile, naishi Misikhu, nyuma ya soko, pale marehemu mzee wangu aliponijengea. Mwezi wa tatu niliamka asubuhi nikakuta kamba imekatwa na mtamba wangu hayuko. Mbwa niliyekuwa naye, Bosi, alikuwa amelala jikoni, pua kwenye majivu. Alikuwa mzee kama mimi, na masikio alishayaacha njiani. Wiki mbili baadaye akafa. Mimi nafikiri ni aibu ilimuua.

Mwanangu Wabwile ana duka la mbolea na mbegu Kitale. Aliposikia, alikuja na sura ya mtu aliyekwisha kuamua.

"Mama, sasa tunanunua mbwa wa maana. Si hawa wa kuombana ugali na kuku."

"Bosi alikuwa wa maana."

"Bosi alikuwa shemeji ya wezi, mama."

Basi akanichukua mpaka Kitale, kwa mama mmoja anaitwa Linah, anayefuga mbwa wa kuuza kwenye barabara ya kwenda Kapenguria. Linah ni mtu wa mlimani, mpole, anavaa gamboti za mpira mpaka magotini, na aliniita Kogo, kwao ndivyo wanavyomwita nyanya. Akatutembeza banda kwa banda. Kulikuwa na mmoja mweupe, mwenye manyoya mengi kama soksi iliyofuliwa vizuri. Huyo nikapita. Kulikuwa na jamani shepadi, yule mbwa wa polisi, masikio juu, macho kama ya mwalimu mkuu siku ya kufungua shule. Nilimheshimu lakini sikumzoea. Halafu tukafika kwa rotwaila. Mweusi, kifua kama cha ndume, na juu ya kila jicho alama ya rangi ya chai, kana kwamba ana macho manne. Hakubweka. Alinitazama tu.

Wabwile akasema polepole, "Huyu." Alisema kama kijana aliyeona msichana kanisani.

Mlangoni kwa Linah kulikuwa na mbwa mwingine, jike la rangi ya karanga, limelala bila kamba. Watoto wa mtaa wa Kipsongo waliokuja kununua maziwa walimruka tu na vibuyu vyao. Nikauliza, na huyu?

"Huyo ni Karanga," Linah akasema. "Mama yake ni shepadi, baba yake ni wa kijijini, aliruka ua. Hauziki, Kogo. Watu wanataka jina la kutaja kwa majirani."

Wabwile akacheka, na mkono tayari uko kwenye banda la rotwaila. Hapo ndipo Linah akaniuliza swali.

"Kogo, huyu mbwa unataka amzuie nani?"

"Wezi, bana," Wabwile akajibu.

"Wewe sikukuuliza. Mwizi hana alama kwenye paji la uso. Mbwa hajui wezi, anajua anayeingia na asiyeingia. Namuuliza mama. Kwako nani azuiwe?"

Nilikuwa na la kusema. Nilikumbuka wanawake wa chama cha kanisa wanaoingia kwangu bila hodi, na Phelista jirani yangu anayekuja kuomba chumvi akakaa mpaka sufuria yake iungue kwake, na watoto wanaokata njia katikati ya boma langu kwenda mtoni. Lakini mwanangu alikuwa amefurahi, na tangu baba yake afe sijamwona akifurahi hivyo. Nikatazama chini nikasema, "Tutaona." Linah akafungua banda. Alinipa mafunzo: mlishe kwa mkono wako peke yako, mgeni asimpe chakula, mchana mwachie azunguke boma. Tukarudi na rotwaila, na Wabwile akampa jina Meja. Akanijengea pia geti la mabati.

Sasa, sitamsingizia Meja. Ng'ombe wangu aliyebaki alilala usingizi. Kuku walirudi wote jioni. Meja alikula ugali wangu kwa adabu na kunilalia miguuni. Lakini boma lilinyamaza. Njia ya mtoni ikaota nyasi. Chama cha kanisa kikahamia kwa Phelista, na Phelista mwenyewe akawa ananisalimia kutoka barabarani akiwa ameshika jiwe.

"Nabwile, mbwa yako karibu inikule."

"Hajakula mtu."

"Anangoja wa kwanza."

Nikajizoesha. Nilijiambia amani ndiyo hii.

Mwezi wa saba nikapata jibu la kimya kile. Na hapa ndipo fumbo letu linaingia. Ambaye mikono yake inalia na yeye halii ni kijana wa kengele. Kwetu Bungoma, kijana anayetaka kutahiriwa Agosti hushika kengele mbili na kuzigonga kwenye vyuma alivyovaa mikononi, akazunguka na wenzake wakiimba, kwa shangazi, kwa wajomba, kwa kila mtu wake, akiwaita waje. Kengele ndizo zinalia. Yeye hata siku ya kisu haruhusiwi kupepesa jicho.

Kijana wangu mwaka huu alikuwa Hesbon, mtoto wa binti yangu Nasimiyu aliyeolewa Ndalu. Na ujue hili: kijana hawezi kusimama mbele ya kisu kabla hajaenda kwa mjomba wake, ndugu ya mama. Mjomba humchinjia ndume, akamvisha shingoni kipande cha nyama ya kifuani, akamwambia maneno makali ya kumtia moyo. Mjomba wa Hesbon ni Wabwile, na boma la mjomba ni hili langu. Tena kijana wa kengele habishi hodi. Huingia mbio, na wimbo wake mbele yake. Akikuta kwa mjomba pamefungwa, hapigi kelele afunguliwe. Hugeuka. Pamefungwa ni neno kamili, maana yake mjomba amemkataa.

Jumapili, baada ya ibada, Phelista akanishika mkono.

"Ulikuwa wapi Alhamisi?"

"Shambani kule chini, napalilia."

"Mjukuu wako alikuja na kengele. Watu kama ishirini. Mbwa yako ikasimama kwa geti, ikaweka miguu juu, wakaona meno yote. Wakageuka bila kuimba."

Nikampigia Nasimiyu hapo hapo nje ya kanisa.

"Mama, tumeelewa," akasema, sauti kavu. "Wabwile na Hillary hawajaongea tangu ile mambo ya hema kwenye matanga ya shangazi. Sasa ametafuta mbwa wa kumjibia."

"Mwanangu, mbwa ni wa wezi."

"Mtoto wangu si mwizi. Mama, akienda kwa kisu shingo tupu, wataimba kwamba sina kwetu. Wataimba mpaka nizeeke."

Hillary ndiye mume wake. Yeye na Wabwile walikosana juu ya nani alete hema, jambo la watoto kabisa, lakini watu wazima wakikosana juu ya jambo la watoto hawapatani haraka. Wabwile alipofika nikamweleza yote. Akasema siku hiyo tumfunge Meja kwa mnyororo.

"Siku ipi?" nikamuuliza. "Hawaji. Wewe ndiye utaenda."

Akaenda Ndalu kwa pikipiki, na kwa kweli nilimhurumia. Alirudi ameinama.

"Nimewaambia ni mbwa amefunga, si mimi. Hillary amesema yeye hana neno. Lakini mtoto wake hatapigia kengele meno ya rotwaila, yawe kwa mnyororo au kwa sanduku."

Asubuhi nilimpikia Meja ugali na omena, nikamfunga kamba, nikamwambia mwanangu atupeleke Kitale.

"Mama, na wakirudi wale walioiba?"

"Twende tu."

Linah alimpokea Meja bila kushangaa. Meja akaingia bandani kwake, akageuka akanitazama kwa yale macho yake manne, na mimi nikafuta yangu mawili. Kuna tajiri mwenye ghala la mahindi pale mjini alikuwa anamtafuta mbwa kama huyo. Ghala halina shangazi wala wajomba. Meja atafaa.

"Nipe yule wa mlangoni," nikasema.

"Karanga? Kogo, atakuwa na kelele. Na swali langu hujanijibu."

"Njoo Agosti tule ndume. Nitakujibu ukiwa umeshiba."

Karanga alichukua wiki moja kujua boma. Siku ya kwanza alimbwekea Phelista, akamnusa, akamaliza naye. Siku ya pili chama cha kanisa. Aliyeita kwa sauti, aliyeimba, aliyekohoa njiani, Karanga alimpigia kelele mbili tatu za kunijulisha, halafu akarudi kivulini. Geti tuliliacha wazi. Wabwile akaenda Ndalu mara ya pili, akawaambia sasa ni mbwa wa rangi ya karanga. Hillary akasema, tutaona.

Siku ya mjomba ikafika. Kama saa nane mchana nikasikia kengele kwa mbali, zinashuka kutoka sokoni. Wabwile alisimama na kisu cha kuchinjia, jasho linamtoka. Mimi macho yangu yalikuwa kwa Karanga. Akainuka. Akabweka mara tatu. Kengele zikaingia getini na vumbi na fimbo na nyimbo, watu zaidi ya hamsini, Hesbon mbele, kifua wazi, mikono inalia na uso umekauka kama jiwe. Karanga akasogea pembeni, akakaa.

Ndume akachinjwa. Wabwile akamvisha mpwa wake nyama shingoni, akampiga kofi la begani.

"Ukitetemeka kesho usiseme wewe ni mtoto wa dada yangu. Umesikia? Kwetu watu hawatetemeki."

Hesbon hakujibu, ndivyo inavyotakiwa. Nasimiyu alikuwa amesimama karibu na jiko. Aliketi chini kwenye nyasi, akafunika uso kwa kanga.

Linah alikuwa amekuja kweli, na gamboti zake. Tulikuwa tunachagua mahali pa kukaa wakati Karanga alipopiga kelele nyingine kabisa, nzito, nyuma ya zizi. Haikukoma. Tukazunguka, mimi na Linah. Kwenye ua wa nyuma kulikuwa na mwanamume mwenye koti la suti, amebanwa kwenye miiba, mikono juu, na Karanga mbele yake, meno nje, hamgusi wala hamwachilii.

Nikageuka haraka nikampa mgongo. Alikuwa Hillary, mkwe wangu. Kwetu mkwe na mama mkwe hatutazamani uso, na baba wa kijana siku hiyo anatakiwa kuwa kwake. Alikuwa amekuja kwa mguu, kwa kunyata, achungulie kama ndume amechinjwa kweli.

"Linah," nikasema nikitazama zizi, "mwambie huyo mtu nyama ipo, na mwanawe amevishwa."

"Amesikia," Linah akasema. "Anauliza kama mbwa anaweza kumwachia suruali."

Hillary mwenyewe akaanza kucheka ndani ya miiba, na mimi nikacheka kwa mgongo. Linah akamshika Karanga shingoni, akamtuliza, kisha akanigeukia.

"Sasa Kogo, sijashiba, lakini nijibu. Kwako nani azuiwe?"

Kengele zilikuwa zimeanza tena huko mbele, zinatoka getini kurudi Ndalu.

"Azuiwe anayekuja kimya," nikamwambia.