Daraja Lililopungua Hatua Nne

Emilian, mwalimu mstaafu wa fizikia, aliposhuka treni Bukene hakwenda kwa wenyeji wake, alikwenda mtoni. Miaka thelathini iliyopita yeye na kidato cha tatu walijenga daraja pale, ili fizikia itoke ubaoni wanafunzi waibebe mabegani. Raha ilioje! Wavulana walivuta magogo kwa nyimbo za kulimia, wasichana wakikokotoa uzito wa mkokoteni wa mpunga.

Ila mto waliupima mwezi wa tisa, ukiwa mchanga mtupu. Mvua ziliponyesha maji yalitanuka, daraja likaishia katikati ya mto, pungufu hatua nne. Kijiji kizima kilicheka. Emilian alitukana mpaka sauti ikamkauka, kisha akaitupa nyundo majini.

Leo mto ulikuwa mkavu tena. Aliwakuta wanafunzi wameshika kamba na vigingi, na mwalimu wao alikuwa Martha, mmoja wa wale wasichana wa kidato cha tatu, sasa ana mvi.

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba. Mbona mmesimama tu?”

“Tunatafuta mzee wa kumuuliza. Siku hizi hatupimi mpaka tujue maji yaliwahi kufika wapi.”

Emilian alishuka mchangani hadi kwenye nguzo ya mwisho ya lile daraja, akahesabu hatua nne, akasimama.

“Maji yalifika hapa. Ndiyo yaliyonitukanisha.”

Martha akafungua mkoba, akampa kigingi na nyundo iliyoliwa na kutu.

“Tuliifukua kiangazi kilichofuata,” alisema. “Piga wewe, mwalimu.”