Sehemu ya Nne ya Simfoni ya Sita

Nilijifunza kuipenda simfoni ya sita ili nimkomeshe wifi yangu. Nalisema hili mapema, asije mtu akadhani hii ni habari ya mjane na muziki wa kumliwaza. Majonzi yalikuwepo, na bado yapo. Lakini kilichokuwa kinaniamsha asubuhi mwaka ule ni kinyongo.

Mume wangu alikuwa fundi redio. Kwa urefu na wembamba wake watu walimwita Antena, na hata mimi nilimwita hivyo. Chumba cha mbele cha nyumba yetu kilikuwa karakana yake: meza iliyoungua madoadoa, redio zilizotolewa matumbo, makopo ya skrubu, na spika mbili kubwa alizoziunda mwenyewe kwa mbao za kabati bovu. Mimi nashona sare za shule, na cherehani yangu ilikaa chumba cha pili, mlango wazi. Kutwa tulikuwa tunasikiliza kaseti za mtunzi mmoja, mzee wa zamani wa nchi ya mbali. Kwenye picha ya jalada alikuwa na ndevu, tai imemkaba, na macho ya mtu aliyekatizwa usingizi. Tulimwita Babu.

"Babu leo kaamkaje?" nilikuwa nauliza nikisikia kaseti inaingia.

"Kaamka vizuri, anacheza," Antena alijibu zikiwa zile dansi zake ndogondogo. Zikiwa nyimbo za fidla alisema, "Mwache leo, ana mawazo."

Nilimpenda Babu. Pindo za sketi nilikuwa nazikunja kwa mwendo wa dansi zake. Ila simfoni yake ya sita, muziki mrefu wa sehemu nne, ilinishinda. Ilianza na tarumbeta zinazogombana, kila moja inaingilia nyingine, halafu kimya kirefu kama vile umeme umekatika, halafu ugomvi upya. Sikuona pa kushika.

"Babu leo kalewa," nilimwambia Antena.

"Hajalewa. Ana hasira, na ana sababu. Kaa chini usikilize."

"Nina kola za darasa zima hapa."

"Siku moja utakaa. Uifikie sehemu ya nne. Hiyo ya mwisho ndiyo inayosema yote."

Sikuwahi kuifikia. Akiweka ya sita mimi nafunga mlango.

Kisha mapafu yakamlaza. Dada yake mkubwa, yaani wifi yangu, alikuwa muuguzi mstaafu, mwanamke wa viatu vyeupe na maneno machache, na akaja kushinda naye mchana ili mimi nishone. Siku ile nilikwenda kupeleka sare shuleni. Niliporudi nilikuta nyumba kimya. Redio kaseti ilikuwa imechomolewa, waya wake umekunjwa vizuri kama bendeji na kuwekwa juu ya kabati. Antena alikuwa amekwisha kufunikwa.

Hakuna aliyenificha jambo. Wifi mwenyewe alilisimulia msibani, mbele ya kina mama, kwa sauti ya mtu aliyefanya kazi yake sawasawa.

"Alikuwa anataka yale makelele yake. Nikaona yanampandisha pumzi, nikazima. Akanishika gauni, 'Dada, washa. Washa.' Nikamwambia, 'Pumzika, kaka. Mgonjwa anataka utulivu.' Akatulia. Akaenda kwa amani."

Kina mama wakaitikia kwa vichwa. Nani atabishana na muuguzi? Mimi nilikuwa nimekaa mkekani, nikahisi damu inanichemka mpaka masikioni.

Watu walipotawanyika niliichomeka ile redio nikabonyeza. Kaseti ilikuwa pale pale ilipokatizwa. Ngoma ikapiga chini sana, moja moja, na juu yake fidla zikaanza kupanda. Ukanda ulikuwa umebaki kidogo tu, nikajua ndiyo sehemu ya nne. Nikazima haraka. Kama yeye aliondoka bila kuisikia, na mimi nisingeisikia. Si kabla aliyemnyima naye hajanyimwa.

Mwanzoni nilifikiri kijinga. Wifi alipokuja kunijulia hali, niliweka ya sita kwa sauti ya juu mpaka vikombe vikatetemeka. Alitoa pamba mkobani, akaziba masikio, akaendelea na chai yake.

"Wifi, hiyo redio yako ni mbovu?" aliniuliza baadaye.

Usiku wangu wote ulikwenda kwa hasira, na asubuhi, nikiwa natunga uzi kwenye sindano, akili ikanijia. Huwezi kumnyima mtu kitu ambacho hakitaki. Ili wifi aumie kama kaka yake alivyoumia, lazima kwanza aipende simfoni ya sita. Aipende mpaka amshike mtu gauni.

Na ili nimfundishe, lazima nijue mimi.

Basi nikakaa, kama Antena alivyosema. Niliweka sehemu ya kwanza huku nashona, nikaitoa. Nikaiweka tena. Ilinichosha kama mtu anayekupigia hodi asiseme shida yake. Ya pili ni dansi, lakini dansi ya kiwete, hatua moja inakosekana kila mara, na sindano yangu ikawa inaruka nayo. Nilipindisha mfuko wa shati nikaufumua nikaupindisha tena. Mara nyingine nilimtukana Babu kwa sauti. "Mzee mzima, ulikuwa na zile dansi nzuri, nani alikutuma huku?" Nilihisi amenisaliti. Hivi ndivyo unavyojisikia mtu uliyekula naye miaka anapogeuka akasema maneno usiyoyajua.

Kilichonifungulia mlango ni chuki. Siku moja nilikuwa namwaza wifi, yale maneno yake ya msibani, na ya kwanza inalia. Nikazisikia fidla. Zilikuwepo siku zote, chini ya tarumbeta, zina kijisauti kifupi, maneno matatu au manne tu. Kila zikitaka kukisema, tarumbeta zinaangukia juu yake. Zinanyamaza. Zinajaribu tena. Zinanyamazishwa. Nikaacha cherehani. Huyu ni Antena, nikasema. Hizi tarumbeta ni wifi. Hata ule ukimya mrefu nikauelewa: fidla zinavuta pumzi.

Toka hapo sikuhitaji kujilazimisha. Nilikuwa naitaka. Nilikuwa naisubiri jioni kama mtu anavyosubiri mgeni wake. Ya tatu, ile ya polepole, ndiyo iliyonimaliza, maana humo hakuna anayezizuia fidla na bado haziwezi kusema. Ikiisha tu, kabla ngoma haijapiga, nazima.

Nikaanza kumpaka wifi mafuta kwa mgongo wa chupa.

Alikuwa anakuja kila Jumamosi kwa wajibu, ananipima presha, ananiuliza kama nakula. Nikamwekea zile dansi, sauti ya chini, bila neno. Siku ya kwanza alikunywa chai akaondoka. Siku nyingine nikaona kiatu cheupe kinagonga sakafu.

"Huyu nani?" akauliza.

"Babu."

"Babu wa nani?"

"Wa Antena. Kwa hiyo na wewe ni babu yako."

"Mimi babu yangu alikuwa anapiga watoto fimbo, hakuwa na mambo haya," akasema, akacheka. Sikuwahi kumwona akicheka tangu niolewe. Meno yake ni ya Antena kabisa. Hilo lilinitibua kidogo, nikamwongezea chai.

Nikaja kwenye nyimbo za fidla. Akaniomba kaseti akasikilize kwake, nikampa. Nilipoona ameiva nikaweka ya sita.

Alikunja uso. "Hii ndiyo ile."

"Ndiyo hiyo."

"Wifi, hapana. Hii hata nikiwa mzima inanipandisha pumzi."

"Hata mimi ilinishinda. Usisikilize tarumbeta. Sikiliza zile fidla za chini, zinavyonyamazishwa."

Akafumba macho. Na hapa niseme jambo lililonikata maini: alizipata papo hapo. Mimi nilitoka jasho wiki nzima, yeye mara moja tu akainua kidole. "Hizo. Hizo hapo. Maskini, wanamkatiza." Nikatamani kumpiga na mkasi.

Ikawa Jumamosi haijafika ananipigia simu kuuliza kama umeme upo. Anakuja mapema, anavua viatu, anakaa kwenye kiti cha Antena katikati ya spika mbili. Ya tatu ikiisha mimi nabonyeza kuzima. Leo nina sare za kumalizia. Leo kaseti imechoka, tusiiharibu. Leo kichwa kinaniuma.

"Na hapo mbele kuna nini?" aliniuliza mara ya kwanza.

"Kuna sehemu ya nne."

Mara nyingine: "Wifi, hiyo ya nne nzuri?"

"Antena alikuwa anasema ndiyo inayosema yote."

"Basi tuisikie."

"Tutaisikia."

Nilikuwa nameza mate nikimjibu. Nilikuwa namwangalia anavyoondoka, shingo imegeukia redio, na moyoni nasema bado, bado kidogo.

Jumamosi niliyoichagua nilifagia karakana na kufuta vumbi kwenye spika. Wifi alikuja na gauni la kutokea, maana nilimwambia leo tunamaliza. Alikaa. Ya kwanza ilipita, na ya pili, na tulipogeuza kaseti alikuwa ananiangalia mikono kama mtoto anayeangalia anayegawa. Ya tatu ilipokuwa inakwisha machozi yalikuwa yanamtoka, wala hakuyafuta.

Ngoma ikapiga chini. Fidla zikaanza kupanda. Hakuna tarumbeta. Zinapanda na hakuna anayezizuia, na wifi akasogea mbele kitini, mdomo wazi.

Nikazima.

Nikachomoa waya. Nikaukunja taratibu, kama bendeji, nikauweka juu ya kabati.

"Umeme?" akauliza.

"Upo."

"Sasa mbona... Wifi, washa. Ilikuwa ndiyo inaanza."

Akainuka, akanishika kiwiko. "Washa bwana. Washa."

"Pumzika, wifi," nikasema. "Unataka utulivu."

Nilijisikia vizuri. Nimetafuta neno jingine la kuandika hapa, sijalipata. Nilijisikia vizuri kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Nilimwangalia yale maneno yanavyomfikia, kwanza masikioni, kisha machoni, mpaka akarudi akakaa.

"Kumbe," akasema. Akaitazama redio, akasema tena, "Kumbe chai yote ile."

"Yote."

"Na kunichekesha, na babu yangu, na kaseti."

"Yote, wifi."

Alishika mkobo wake akaufungua akaufunga. "Nilidhani ni maumivu," akasema. "Nimeshika wagonjwa wengi mikononi. Wanaomba maji, wanaomba mama zao. Sikuwahi kuona mtu anaomba hiki. Nilidhani hajui anachosema."

"Alijua."

"Sasa najua kwamba alijua. Umenifundisha vizuri." Akavaa viatu, kamba zikamsumbua, na mimi sikuinama kumsaidia. Mlangoni hakuniaga.

Nilibaki nimesimama. Nilikuwa nimemaliza kazi, na sasa ilikuwa zamu yangu. Nilishusha waya, nikachomeka. Karakana ilikuwa na joto, nikafungua dirisha la barabarani. Nikabonyeza.

Fidla ziliendelea kupanda pale nilipozikata. Nikachungulia nje nikamwona wifi. Alikuwa amefika kwenye ukuta wa jirani, akasimama. Akaegemea ukuta na gauni lake la kutokea, mkobo kifuani, watu wanampita. Sauti ilikuwa inamfikia, niliona.

Mkono wangu ulikuwa kwenye komeo la dirisha. Ningeweza kulivuta. Niliwaza jinsi ambavyo angebaki na nusu yake maisha yote, na wazo lile bado lilikuwa tamu. Sikumwita ndani. Dirisha pia sikulifunga.

Nilikuwa nategemea kitu kikubwa, tarumbeta zishindwe, ngoma zote zipige. Haikuwa hivyo. Fidla zilipanda, zikakisema kile kijisauti chao mara moja tu, chote, bila haraka, kikawa kitu kidogo kabisa, cha kawaida, kama mtu anayekuambia amefika salama. Kisha zikaacha. Ukanda ukazunguka ukilia kwa mchakacho mpaka kitufe kikaruka chenyewe.

Sikuielewa. Nimeisikia mara nyingi tangu hapo na sina hakika kama naielewa.

Wifi alikuja mpaka chini ya dirisha.

"Ndiyo imekwisha?"

"Imekwisha."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu."

Akatazama chini kidogo. "Alikuwa na muda wa kuisikia," akasema. "Ni fupi. Alikuwa na muda."

"Alikuwa nao," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, akakumbatia mkobo, akaondoka kuelekea kituoni. Nilimwangalia mpaka alipokata kona, kisha nikafunga dirisha.