Irabu ya Baba Tumpe

Wanyakyusa wana irabu saba. Jambo hilo Damari alilitaja kila alipopata mwanya, hasa mbele ya Anord, mwalimu wao wa kwaya hapo Ilomba, kijana wa Kihehe kutoka Kalenga, ambaye kwao wanazo tano tu. Kwa hiyo Anord alipoleta wimbo wa Kiingereza, na katikati yake limo neno "mercy", yaani rehema, Damari hakuwa na wasiwasi. Mtu mwenye irabu mbili za akiba ashindwe na nini?

Akashindwa. Irabu ya kwanza ya neno lile ilitakiwa ivutwe muda mrefu, sauti zote nne zikiwa zimesimama juu yake, na kila Damari alipofungua kinywa ilitoka "maa" au "mee". Akazijaribu na zile mbili za akiba. Hazikufaa hata kidogo.

"Mama, siyo a, siyo e," Anord alisema kwa ule upole wake unaochosha. "Ulimi usiende mbele, usirudi nyuma. Uache ulale tu hapo katikati."

"Ulimi wangu haujawahi kulala, mwalimu. Waulize majirani."

Kwaya nzima ikacheka. Anord naye akacheka, kisha akasema la kwake: tamasha la Iringa limekaribia, na asiyeipata sauti ile hadi Jumamosi atasafiri na wenzake vizuri tu, ila wakifika kwenye neno lile atafumba mdomo.

Kufumba mdomo! Damari alitembea hadi nyumbani akilirudia neno hilo kwa hasira, kwa sababu nyumbani kulikuwa na mdomo mmoja uliofumbwa tayari.

Mumewe Isaka ndiye aliyekuwa besi ya kwaya ile, besi ya kutikisa madirisha, mpaka mwaka jana kiharusi kilipomwangusha baada ya kuvuna mahindi. Mkono ulirudi. Mguu ulirudi nusu. Maneno hayakurudi. Alibakiwa na sauti moja tu, fupi, ya kooni, na kwa sauti hiyohiyo aliomba chai, akalalamikia baridi, akamfukuza paka. Wageni walipokuja na Isaka akafungua kinywa, Damari alimuwahi haraka, "Anasema hajambo, anawashukuru." Mwisho Isaka akaacha kufungua kinywa mbele za watu, na kanisani akaacha kwenda. Wazee wa kanisa walikuja, mchungaji akaja, yeye akageukia ukuta. Damari alitaka arudi kanisani kuliko alivyotaka safari yoyote ya Iringa, ila hakujua amshike wapi.

Kesho yake mchana, baridi ikiwa kali, Damari aliketi jikoni anamenya viazi, kioo cha kunyolea cha mumewe kimeegemezwa kwenye kopo la sukari. "Maa. Mee. Moo." Isaka alikuwa karibu na jiko la mkaa, kajifunika koti, akimtazama mkewe akikenua mbele ya kioo. Upande mmoja wa uso wake ulikuwa unacheka waziwazi.

Kisha akanyoosha kikombe na kuomba chai kwa sauti yake ile moja.

Kisu kikasimama juu ya kiazi. "Umesemaje?"

Isaka akakunja uso. Alidhani anasimangwa.

"Baba Tumpe, nakuomba. Sema tena."

Akasema tena. Haikuwa a wala haikuwa e. Damari alivuta kigoda, akamsogelea na kuchungulia ndani ya kinywa chake kama anayetafuta jino bovu la mtoto. Ulimi ulikuwa umelala katikati, umetulia, na midomo imelegea. Ndipo alipogundua kwamba tangu ule ugonjwa hajawahi kuutazama mdomo huu. Kila ulipofunguka yeye aliangalia pembeni, akidhani anamsitiri mumewe.

Akaiga. Isaka akatikisa kichwa. Akaiga tena, na Isaka akatikisa kichwa kwa maringo ya mwalimu mkuu. Mara ya tatu Isaka alimshika kidevu kwa mkono wake mzima, akakilegeza taratibu, akaitoa sauti yake karibu kabisa na uso wa mkewe. Damari akaifuata. Ikatoka. Isaka akajipiga paja kwa furaha, na Damari akaanza kulia, viazi vikiwa mapajani.

"Nimekuwa nikikujibia watu kumbe nakufumba mdomo," alisema. "Nilikuwa na hamu na sauti yako, Isaka." Jina hilo hakuwa na kawaida ya kulitaja. Isaka hakuondoa mkono.

Jumamosi Damari aliimba neno lile mbele ya wote, na Anord akashusha mikono. "Mama, nani amekufundisha?"

"Baba Tumpe."

"Si haongei?" mmoja wa waimbaji aliuliza.

"Haongei. Lakini hii anayo."

Mazoezi yalipoisha Anord alifuatana na Damari hadi nyumbani, akamsalimu mzee, akakaa. "Baba, besi wangu wote wanasema maa," alisema. "Maneno mengine watayaimba wao. Nakuomba hapo tu."

Isaka akamgeukia mkewe, akingoja amjibie kama siku zote. Damari alitamani kujibu. Akaangalia sakafu. Anord naye akangoja. Mwishowe Isaka alijibu mwenyewe, kwa sauti yake ileile. Kijana hakuelewa kama ni ndiyo au hapana, mpaka mzee alipoinua mkono na kuonyesha suti yake ya kanisani iliyotundikwa nyuma ya mlango.

Iringa walimpa kiti mwisho wa mstari wa besi. Wimbo ulianza, ukapanda, na Isaka alikaa kimya, mikono magotini. Lilipofika neno lile aliingia. Sauti ilikuwa nzito kuliko ilivyokuwa zamani, na haikutetemeka. Wenzake walimaliza pumzi, wakamalizia neno. Isaka hakuwa na uwezo wa kulimalizia, akabaki kwenye irabu yake peke yake, kanisa zima likimsikiliza.

Anord hakushusha mkono. Aliuacha hewani mpaka mzee alipomaliza mwenyewe, kwa wakati wake.

Mstari uliofuata ulikuwa wa sauti ya pili, na Damari ndiye aliyetakiwa kuuanza. Alikuwa analia, na wenzake wakaanza bila yeye.