Dakika Arobaini za Zulia

Siku ya tatu fundi cherehani alirudi ofisi ya vizazi na vifo akiwa na futi yake ya kupimia nguo shingoni, maana jana karani alimwambia rula ya serikali imepotea.

Mkewe alifia hewani, akirudi kutoka kumtembelea binti yao. Kutoka uwanja wa kule hadi wa hapa ni kilomita elfu tisa na mia sita, na ndege ilitumia saa kumi na mbili tangu kuruka hadi kutua; mhudumu wa ndege aliandika kuwa mama alikata roho saa sita kamili tangu waruke. Nusu kwa nusu. Sheria yao inataka kifo cha hewani kiandikishwe kwenye uwanja ulio karibu zaidi. Kule wamesema ni wa huku, huku wamesema ni wa kule, na marehemu kalala chumba baridi cha mizigo, kati ya maboksi ya maua ya watu. Bila cheti hakuna kuzika.

Karani alishika ncha moja ya futi kwenye ramani ya ukutani, fundi akashika nyingine. Wakaikunja. Kikunjo kikaangukia katikati ya bahari, palepale karani alipokisia jana kwa kidole.

"Umeona, mzee? Si wetu."

"Basi ni wa samaki?"

"Samaki hawana fomu."

"Ramani yenyewe imelala. Dunia ina kitambi, mwanangu. Nimewashonea wakubwa suruali, najua kitambi kinavyokula kitambaa."

"Kinakula pande zote mbili sawasawa," karani akasema, akipangusa ramani.

Fundi akakaa. Maisha yake yote aliwalaani wakubwa: kwa mashimo, kwa foleni, kwa mvua isiponyesha na ikinyesha. Mkewe alizoea kumwambia, "Wewe utakufa na tusi mdomoni, nami nitaona haya kukulilia." Hata siku ile, akimsubiri uwanjani, alitukana dakika arobaini nzima, saa mkononi, ndege ikizunguka juu kama mwewe kwa sababu mkubwa mmoja alikuwa anatua na zulia lake limetandikwa kombo.

Akainuka.

"Toa arobaini. Zile hazikuwa safari, alikuwa keshafika. Inabaki saa kumi na moja na dakika ishirini. Nusu yake saa tano na dakika arobaini. Yeye kafa saa sita. Kaingia kwetu dakika ishirini."

Karani akapiga hesabu kiganjani. Ikatoka. Akaweka kalamu chini.

"Siwezi kuandika mkubwa kachelewesha ndege. Haijawahi kutokea hapa."

Tusi likampanda fundi hadi kooni. Akalimeza, likashuka kama pini.

"Andika ilizunguka kwa heshima."

"Heshima ya nani?"

"Ya zulia."

Karani akatazama mlango, kisha akaandika: *Ndege ilizunguka dakika arobaini kwa hiari yake, ikitoa heshima.* Akaisoma, akaona imekaa vizuri, akagonga muhuri.

"Uwashukuru wakubwa wako, mzee. Bila wao mama angebaki baharini."

Fundi akakunja cheti mara nne. Njia nzima hadi chumba baridi alitafuta tusi la kuwatosha, asilipate. Mdomo mtupu kabisa, na wa kumcheka, mkewe, ndiye huyo anakwenda kumchukua.