Jina Kwenye Kanda ya Veronika

Lusungu alishuka kutoka Lupepo Jumanne asubuhi, ukungu ukiwa bado umelalia mashamba ya chai, kwa sababu Zakia alikuwa amempigia simu mara tatu. Zakia ndiye aliyesimamia kituo cha sanaa pale Ibighi, na kabatini mwake zilikuwamo kanda za zamani za nyimbo za Kinyakyusa. Moja ilikuwa ya marehemu Veronika, mama yake Lusungu, ambaye enzi zake hakuna msiba uliofanyika Lupepo asiitwe kuimba.

"Imeota kuvu, mama," Zakia alimweleza, akimvutia kiti mbele ya kompyuta. "Katikati pamekufa kama nusu dakika hivi. Kwa hiyo nikaipa akili mnemba nyimbo zote za marehemu tulizonazo, ijifunze sauti yake, halafu izibe pengo. Tunataka kuupiga wimbo kwenye onyesho la Jumamosi, ila si bila ruhusa yenu."

Akabonyeza.

Mwaka wa kumi huu Veronika alikuwa kaburini. Sasa alivuta pumzi, ile pumzi fupi aliyokuwa akiivuta kabla ya kujitwika ndoo, kisha akaanza kulia kwa wimbo. Lusungu alishika ukingo wa meza. Wimbo ulipofika mahali palipozibwa, hakusikia tofauti yoyote. Sauti ilishuka, ikatulia kidogo, ikaita: "Lusungu, mwana gwangu. Lusungu, umeniacha na nani."

Zakia alisimamisha. "Lusungu kwa Kinyakyusa si ni huruma? Nilidhani anaomba huruma."

"Ni huruma," alisema Lusungu. "Lakini huruma haiitwi mwanangu."

Halafu Lusungu akauliza wimbo ule uliimbwa lini. Zakia aligeuza kasha la kanda, akasoma maandishi ya kalamu yaliyofifia: Juni 1980.

"Mimi nimezaliwa Machi themanini na mbili," alisema Lusungu.

Zakia alizipitia nyimbo nyingine zote za Veronika. Hakuna hata moja iliyokuwa na jina lile. Akaiambia mashine izibe pengo upya, kisha upya tena. Kila mara maneno yalibadilika, mara mvua, mara njia ya kwenda mtoni, lakini jina lilibaki palepale.

"Labda chini ya kuvu sauti ilibaki kidogo," Zakia alisema taratibu. "Sisi hatuisikii, mashine inaisikia. Sijui, mama. Nasema labda."

Lusungu hakurudi nyumbani moja kwa moja. Alipitia kwa Agness, mdogo wake Veronika, akamkuta anamenya ndizi jikoni.

"Mama mdogo, kabla yangu mama alizaa mtoto mwingine?"

Kisu kilisimama. "Nani amekuambia?"

"Mama mwenyewe. Leo asubuhi."

Agness alimtazama kwa muda mrefu, kama anayetaka kuhakikisha ni nani amesimama mlangoni.

"Alikuwa na miaka minne," alisema mwishowe. "Homa ya siku mbili. Ulipozaliwa wewe, mama yako akasema amerudi, akakupa jina lake, na akatukataza sote. Alisema tukimtaja yule, wewe utajua kwamba umekaa mahali pa mtu. Yuko nyuma ya nyumba yenu, pale mama yako alipokataza mtu kulima."

Lusungu alipajua. Alikuwa amecheza pale utotoni, akipigiwa kelele atoke, bila kuambiwa kwa nini.

Siku ya pili alimpigia Zakia. "Pigeni alichoimba mama. Penye pengo paacheni. Maneno ya mashine sitaki watu wayasikie."

"Sawa, mama. Nayafuta."

Jumamosi ukumbi ulijaa. Lusungu alikaa safu ya mbele, na nyuma yake walikaa wanawake wazee wa Lupepo, waliowahi kuimba na mama yake. Sauti ya Veronika ilipanda, ikatetemeka, ikafika kwenye pengo, ikakatika. Pakawa kimya kabisa, mvua tu juu ya mabati.

Kisha nyuma yake mwanamke mmoja akavuta pumzi. "Lusungu, mwana gwangu," aliita, kwa sauti ya chini, bila kusimama. Wa pili akapokea, na wa tatu, hata safu nzima ikawa inamlilia Lusungu. Walikuwa wakijua miaka yote hiyo. Aligeuka. Hakuna aliyemtazama, macho yao yalikuwa sakafuni, midomo yao ikilitaja jina lake kama la mtu aliyekwisha kuzikwa.

Alitaka kusema, mimi niko hapa. Badala yake alifungua mdomo, na walipoita mara ya nne aliita nao.