Mwanafunzi Ambaye Junushev Hakumkumbuka

Uulkan Sadirbaeva alipata udaktari wa sayansi ya siasa kichwa kikiwa kimeshaota mvi, na pale kitivoni wengi walidhani amecheleweshwa na uzazi na malezi. Hakuwasahihisha. Wakimuuliza alisoma wapi shahada ya kwanza, alijibu Osh, na hilo lilikuwa kweli. Kwamba kabla ya Osh aliwahi kuwa mwanafunzi wa chuo hikihiki, katika jengo hilihili, zamani mji wa Bishkek ulipokuwa bado unaitwa Frunze, hilo hakumwambia mtu.

Wakati huo alikuwa Uulkan Moldokulova, binti wa kiongozi wa wachungaji kule Naryn, na alikuwa na akili nyepesi na mdomo usiojua kujizuia. Siku moja akiwa mwaka wa tatu, katika somo la Ukomunisti wa Kisayansi, alinyoosha mkono akauliza: kama karatasi ya kura ina jina moja tu, mpiga kura anachagua nini? Mwalimu alikuwa Sharshen Junushev, kijana mtanashati, nywele kazilaza kwa maji, anayewaita wanafunzi kwa majina ya ukoo tu. Junushev alicheka pamoja na darasa, akamwambia Moldokulova aketi, akasema swali lake linaonyesha kwamba anafikiri.

Wiki iliyofuata ukaitishwa mkutano wa vijana wa Chama. Junushev akasimama, akalirudia lile swali mbele ya ukumbi mzima, kisha akaongeza ya kwake: kwamba msichana huyu kayatoa maneno hayo kwao, na kwamba babake huwafundisha wanawe kulidharau taifa. Mikono ikanyooshwa ya kumfukuza, hata wa rafiki yake waliyelala chumba kimoja. Naryn nako babake akavuliwa uongozi, akapewa kazi ya kulinda ghala la majani ya mifugo. Mzee hakumgombeza bintiye. Ila toka siku hiyo hakuzungumza naye zaidi ya salamu, mpaka alipozikwa.

Uulkan akaingia kiwanda cha sufu. Mashine zilinguruma hata sikio lake la kushoto likawa halisikii vizuri. Akaolewa na Sadirbaev, fundi umeme, mtu mpole. Nyakati zilipobadilika, na wale waliokuwa wakifukuza watu wakawa hawajui tena wamfukuze nani, alirudi shule kule Osh akiwa mama wa watoto wawili. Alisoma kama anayekimbizwa. Kutoka Osh akaenda Budapest, na huko akaandika tasnifu yake juu ya chaguzi zenye mgombea mmoja. Walimu wake wa kigeni walishangaa ameupata wapi uvumilivu ule. Wangelijua wazo lililokuwa likimwamsha kila alfajiri wasingeshangaa. Alikuwa akimfikiria Junushev.

Basi akarudi. Mji ulikuwa umeshabadili jina, na idara nayo vilevile: likizo moja tu ya kiangazi, kibao cha Ukomunisti wa Kisayansi kilishushwa kikapandishwa cha Sayansi ya Siasa, na watu wakarudi kwenye viti vilevile. Junushev sasa alikuwa profesa. Alifundisha Misingi ya Demokrasia.

Siku ya kwanza mzee huyo alimshika mkono kwa mikono yake miwili. "Karibu, karindash," akamwambia, kama mtu anavyomwita dada yake mdogo. "Idara hii ilikuwa inamngoja mtu kama wewe."

Uulkan alimtazama machoni, akitafuta. Hakukuwa na kitu. Miaka yote ile ya kiwandani alikuwa amejiandaa kukutana na mtu atakayeinamisha uso, au atakayekana, au atakayetetemeka. Hakujiandaa kukutana na mtu anayemsogezea bakuli la sukari na kumuuliza kama chai yake imekolea. Hasira aliyokuwa ameizoea ikageuka kitu kingine, kikali zaidi. Akajiambia kwamba hataondoka katika jengo lile mpaka mtu huyu amkumbuke.

Alingoja. Akafanya kazi vizuri, akachapisha, akasimamia wanafunzi, na alipostaafu mkuu wa idara, akateuliwa yeye. Haukupita muda wizara ikaagiza kwamba kila mwalimu aliyepata cheo chake kwa masomo ya zamani asome upya kwa muhula mmoja, kisha afanye mtihani wa mdomo mbele ya jopo. Walimu wengi walijipenyeza kwenye vyuo vya marafiki zao wakarudi na vyeti. Junushev naye alijaribu. Uulkan akazuia barua yake, akaamuru asome hapohapo idarani, darasani kwake.

Naibu wake Toktosun, mtu asiyependa ugomvi, alimfuata ofisini. "Mzee wa watu kabakiza kidogo tu astaafu," akasema. "Mwandikie kapita, yaishe."

"Atasoma kama wenzake."

"Wenzake gani? Wale ni wajukuu zake."

"Ndio hao."

Uulkan alikuwa mwalimu hodari. Hakusoma kutoka kwenye karatasi wala hakupaza sauti. Aliwagawa wanafunzi, wa upande wa dirisha na wa upande wa ukuta, akawabishanisha juu ya bunge na bajeti na katiba mpaka wakatoka nje wakiwa bado wanabishana. Junushev alikaa mstari wa mbele na miwani yake, akiandika kila kitu. Alikuwa mwanafunzi mzuri, na hilo lilimchoma Uulkan. Aliwahi mapema, aliwachekesha vijana, aliwaazima kalamu.

Katikati ya muhula, Uulkan akaanza kuwasimulia habari za msichana mmoja aliyefukuzwa chuo kwa sababu ya swali. Hakutaja majina. Kila juma alitoa kipande: swali lenyewe, kicheko cha mwalimu, ule mkutano, babake yule msichana na ghala la majani. Vijana waligeuka wakali. Mmoja akauliza kama mwalimu huyo aliwahi kushtakiwa. Junushev akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Siku zile yalifanyika mambo ya kijinga sana," akawaambia wenzake wadogo. "Watu hawakuwa na utu."

Wakamwitikia. Uulkan akageukia ubao, akaandika neno ambalo hakuwa na haja nalo, kwa kuwa hakutaka mtu auone uso wake.

Siku ya mtihani jopo lilikuwa la watu watatu, Uulkan katikati, Toktosun kulia kwake, na mama mmoja kutoka idara ya sheria. Wanafunzi waliongoja zamu walikaa nyuma ya chumba wakidurusu. Junushev akavuta karatasi yake ya maswali, akajibu kwa mpangilio na kwa mifano. Toktosun alishaanza kufungua kalamu yake atie sahihi.

"Swali la nyongeza," akasema Uulkan. "Yule msichana niliyewasimulia. Mwalimu aliyemshtaki ni wewe. Mtaje jina."

Junushev akavua miwani. "Mimi?"

"Wewe."

Angeweza kukataa. Angeweza kusimama na kudai kwamba hilo halimo kwenye mtihani, na yule mama wa sheria angemuunga mkono. Lakini maisha yake yote alikuwa mtu wa kufaulu, na akiulizwa na meza iliyo juu yake hujibu. Akakunja uso, akafikiri kwa bidii.

"Asanova," akasema. "Kenjebubu Asanova."

"Siye."

"Basi yule wa Talas, Imankulov." Akajikosoa mwenyewe. "Hapana, huyo alikuwa mvulana. Umesema msichana. Ormonova? Yule aliyekuwa akiimba kwenye sherehe?"

"Siye. Endelea."

Kule nyuma kalamu zilikuwa zimenyamaza. Toktosun alinong'ona kwamba inatosha jamani. Uulkan, bila kumtazama, akasema mzee anajibu swali, aachwe ajibu. Na Junushev akaendelea. Alitaja mmoja, akamfuatia mwingine, akieleza huyu alikuwa na makovu ya ndui usoni, huyu alikuwa akichelewa asubuhi, huyu mamake alikuja kulia mlangoni. Aliwatoa mmoja mmoja kama anayetoa vyombo kabatini, bila kuona kwamba wale vijana aliowaazima kalamu walikuwa wakimtazama kama mtu wasiyemjua.

Uulkan alikuwa na furaha ambayo hakuwahi kuionja. Aliwaangalia wanafunzi, akamwangalia mzee akijimaliza kwa mdomo wake mwenyewe, akatamani isiishe. Kisha, taratibu, akahisi jambo ambalo hakulitegemea: alikuwa anasubiri. Alikuwa amekaa pale kama mtoto shuleni wakati majina yanaitwa, akingoja lake. Halikuitwa.

"Wengine siwakumbuki," akasema Junushev.

"Umeshindwa," akasema Uulkan, akawa wa kwanza kutia sahihi.

Habari hazikukaa chumbani. Kabla juma halijaisha, kitivo kizima kilijua, na majina yale yalikuwa na wajomba na shangazi mjini. Mkataba wa Junushev haukuongezwa. Picha yake ikaondolewa ukutani, na hafla ya kumuaga haikufanywa. Toktosun alipoiulizia, Uulkan alimjibu kwamba hakuna aliyejitolea kupika. Junushev akipita koridoni kuchukua vitabu vyake, wanafunzi waliendelea kuongea kama kumepita upepo.

Alimjia ofisini siku ya mwisho, kofia yake ya manyoya mkononi.

"Moldokulova," akasema. "Katibu wa idara kaniambia. Jina lako la usichana limo kwenye faili lako, na limo kwenye orodha ya waliofukuzwa."

"Haya. Umelipata."

"Jina nimelipata. Wewe sijakupata, karindash." Hakulisema kwa ufidhuli, alilisema kama mgonjwa anayemweleza daktari. "Nimekaa na mke wangu, tumepitia mwaka baada ya mwaka. Wale wengine nyuso zao naziona. Wako siuoni. Niambie tu ulikuwa unakaa wapi darasani, pengine itakuja."

Uulkan alielewa kwamba jambo hilo liko mikononi mwake. Akisema mstari wa pili, karibu na dirisha, msichana mwenye sweta la kijani alilofumiwa na mamake, mzee angemwona. Angelia, pengine, na angerudi kwa mkewe akiwa amepumua.

"Nikikuambia nitakuwa nimekupa majibu," akasema. "Mtihani umekwisha, agai."

Ndilo neno wanalomwitia mwalimu, na alikuwa hajamwita hivyo tangu arudi.

"Hakuna marudio?"

"Kwako hakuna."

Junushev akavaa kofia yake, akatoka. Uulkan akafunga mlango, akaketi, akashangaa kuona kwamba hana huruma hata chembe. Kilichokuwepo ni wivu. Kenjebubu Asanova alikumbukwa, tena wa kwanza, kabla mtu hajafikiri. Alitaka kumwona mwanamke huyo.

Kumpata haikuwa kazi. Alikuwa akiuza kurut katika soko liitwalo Osh, pale pale Bishkek, vidonge vile vya maziwa makavu vimepangwa kwa vilima mbele yake, mwanamke mnene mwenye meno mawili ya dhahabu. Uulkan alijitambulisha, akamsimulia yote wakiwa wamekaa juu ya magunia, na wateja wakifukuzwa kila walipokaribia.

"Alilia?" akauliza Kenjebubu.

"Hakulia."

"Ungeniita mimi. Kwangu angelia." Akachagua kurut iliyo laini, akampa. "Kwa hiyo mtu katoka kapa. Kazi hana, salamu hana."

"Hana."

"Na nyumbani mke anashinda akimuuliza maswali."

"Nadhani."

Kenjebubu akatafuna, akiangalia watu wakipita, na uso wake ukaanza kulainika kama wa mtu aliyekaribia moto. Kisha akavuta gunia lake karibu, mpaka magoti yao yakagusana.

"Hebu rudia, eje," akasema, kama mtu anavyomwita dada yake mkubwa. "Pale alipotaja jina langu. Alianza na la ukoo au la kwangu?"

Uulkan akarudia, safari hii polepole, bila kuruka kitu.